Mke Wangu Alivyosimama Kwenye Kampeni

Jumamosi, mvua bado inanyesha.

Najivunia, sifichi. Leo mgombea udiwani alikuja mtaani kwetu kutuahidi lami. Mke wangu, mtoto wa wakulima wa viazi kule Isongole, ambaye hata kanisani huniachia mimi kusema, akasimama.

"Mheshimiwa, lami baadaye. Tujengee kalavati pale mtoni. Mvua ikinyesha, wajawazito hawafiki zahanati."

"Mama, hilo dogo," akacheka.

"Kama ni dogo, anza nalo."

Wazee wakamshukuru kwa Kinyakyusa: "Ndaga, mama." Mgombea akaahidi kalavati mbele ya wote.

Nahofia watu wa chama chake watatuita wapinzani. Nyumbani nikamwuliza kama hakuogopa.

"Nilikuogopa wewe, Baba Tumaini. Nilijua utanivuta gauni nikae."

Kweli mkono ulishafika kwenye gauni, Bwana akanizuia.