Kiti cha Kushoto kwa Baba

Alhamisi, 18 Oktoba

Sijamwambia mtu, wala sitamwambia: leo nimeomba Welikala atolewe. Welikala wetu, mpigaji wa timu yetu ya kriketi! Nimeweka ua jeupe mbele ya Buddha, nikafumba macho, nikasema moyoni — atoke, atoke sasa hivi. Hata timu ya wageni yenyewe nadhani haijaomba vile.

Sababu ni kiti.

Kila mechi ya siku tano mimi hukaa kwenye kiti cha plastiki, kushoto kwa Baba, mbele ya televisheni. Siwezi kusema mbele ya watu, kila mtu anajua. Basi namnong'oneza Baba, naye anapaza sauti: "Binti yangu anasema huyu mrushaji amechoka!" Wanaume wananigeukia kidogo, halafu wanarudi kwenye mpira. Hivyo ndivyo ninavyoongea. Mimi na Baba hatuna mazungumzo mengine, hasa tangu nimalize shule.

Leo wiketi zetu mbili zilianguka upesi: wapigaji wetu wawili wakatolewa. Nikaenda jikoni kumsaidia Mama kukaanga bajia za dengu. Niliporudi, Sachini alikuwa kitini kwangu. Ni binamu yangu, amekuja jana kutoka Kurunegala, atakaa wiki mbili. Kriketi haijui kabisa. Aliuliza kwa nini wachezaji wamevaa kama wauguzi — watu wakacheka mpaka chai ikamwagika.

Tangu akae, hakuna wiketi nyingine iliyoanguka. Hata moja! Nilipomgusa bega ainuke, Mjomba Nihal akaruka: "Wee! Asiinuke mtu! Huyo mtoto ana nyota!" Ndivyo tulivyo hapa nyumbani. Mambo yakienda vizuri, aliyekaa habanduki, na aliyesimama abaki amesimama. Mimi nilikuwa mlangoni na sahani. Nikabaki mlangoni hadi jioni.

Welikala mikimbio 112. Bado yumo.

Ijumaa, 19 Oktoba

Baba "mgonjwa" tangu jana. Kazini wamemtumia salamu za pole. Welikala 171, kisha mvua. Watu kama mia wakakimbia na maturubai, wakaufunika uwanja wote.

Mwalimu Piyadasa, jirani yetu mstaafu, amekasirika. Amesema ule ukanda mpira unapotua siyo pichi ya kriketi, ni barabara ya Galle, bado kuchorwa mistari tu. Mpira ukitua hauruki, haukati kona, unamfuata mpigaji kama mbwa wake. "Hata mke wangu na goti lake angepiga mia!"

"Mlete basi tumwone, Mwalimu," Mjomba Nihal akajibu.

"Cheka tu. Pichi iliyokufa, na mvua juu yake? Hii ni sare. Siku tano za maisha yangu!"

Mvua ikinyesha, Baba alichukua ndizi, akaichomeka njiti tatu za kiberiti kama zile nguzo tatu za nyuma ya mpigaji, akamwonyesha Sachini jinsi mtu anavyotolewa kwa kuzuia mpira kwa mguu. Mimi alinifundisha vilevile nikiwa na miaka saba. Ndizi, njiti tatu. Nilidhani ni mambo yetu wawili.

Jumamosi, 20 Oktoba

Mvua kutwa. Haukurushwa hata mpira mmoja. Sachini akakaa kitini hivyohivyo, eti asije akaharibu. Baba akamwekea mto.

Mto!

Jumapili, 21 Oktoba

Jua. Tuna 480 na wiketi ni zilezile mbili. Naichukia pichi hii. Pichi yenye uhai ingekuwa imeshanirudishia kiti changu tangu juzi.

Lakini nimeona jambo. Ardhi iliyofunikwa siku nzima hutoa jasho, na ikipigwa na jua kali ghafla, hupasuka. Nahodha wetu angefunga zamu yetu saa ya chai, wageni wakapige wao. Mpira ungeanza kukata kona, wapigaji wao wakatolewa! Nilikuwa na hakika. Ila kutoka mlangoni hadi sikio la Baba ni hatua sita. Nikafungua mdomo.

"Eh, chai inakuja?" akauliza Mjomba Nihal.

Nikaufunga.

Ndipo Sachini akapiga miayo, akasema, "Mbona wenzao hawapewi zamu? Na wametoka mbali."

Kisha Mwalimu Piyadasa akajipiga paja: "Mtoto kasema! Wafunge zamu!" Mjomba Nihal akaja juu — wafunge vipi, na Welikala anakaribia mia tatu? Wakabishana mpaka Mama akafunga mlango wa jikoni. Baba alikuwa anacheka tu. "Mnaona? Siku nne, ameshamshinda nahodha!" Akampapasa Sachini kichwani.

Yeye alikuwa anawaonea wageni huruma. Mimi nilikuwa na sababu! Nikaenda kuosha vyombo visafi.

Hawakufunga zamu. Welikala 294.

Jumatatu, 22 Oktoba

Siku ya mwisho. Manyunyu tangu asubuhi, maturubai hayajaondolewa. Sachini alinifuata bombani.

"Dada, nakufa. Miguu imeingia ganzi. Sielewi kitu, hata ile ndizi sikuielewa. Nenda ukae wewe."

Nikamuuliza, kwa nini basi amekaa siku zote hizi?

Akachezea maji. Baba yake yuko Qatar, huu mwaka wa tano. Akipiga simu anauliza alama za shule, basi. "Baba yako ameniwekea mto," akasema.

Nikafunga bomba. Na bado nilimwonea wivu. Hiyo ndiyo aibu yangu.

Sasa nimekaa. Sachini amejifungia chooni, hatoki. Mjomba Nihal na Mwalimu wako barazani wanatazama mawingu. Baba macho yake yako kwenye televisheni. Daftari liko mapajani. Maturubai yanaondolewa — Welikala anatoka, anavaa glavu! Akitolewa kwenye 294 nikiwa nimekaa mimi, watalisema hadi siku ya harusi yangu.

Baba hajageuka. Ameniinamishia sikio. "Haya, binti, unaonaje?"

Binti. Yupi?

Mrushaji anapima hatua zake. Sikio bado linangoja. Wewe daftari, usimwambie Mjomba Nihal nani amekaa hapa. Usimwambie Baba kwamba Sachini haipendi kriketi. Na kwamba naogopa kufungua mdomo, asije akasikia kuwa ni mimi — hilo usimwambie mtu yeyote.