Projekta ya Kidato cha Kwanza

Jumatatu, 4 Agosti
Kipindi cha Kiingereza, kidato cha kwanza. Kwa projekta ya shule nimewaonyesha vibonzo nilivyochora mwenyewe kwenye kompyuta. Kaa akatambaa, darasa zima likasema "crawl". Akajificha kwenye mizizi ya mikoko, wakasema "hide". Hata Mwanahawa, ambaye tangu Januari hajafungua mdomo kwenye kipindi changu. Leo kasema, na kwa sauti.

Jumatano, 6 Agosti
Projekta haipo stoo. Mkuu wa shule anasema imepelekwa Kibiti kutengenezwa. Haikuwa mbovu. Nimerudi kwenye chaki na ubao. Mwanahawa kanyamaza tena. Nina hasira, na sijui nimkasirikie nani.

Jumamosi, 9 Agosti
Sasa najua. Wanafunzi wamenikuta sokoni. "Madamu, projekta yetu iko kibanda umiza. Watu wanaangalizia mpira."
Nimekwenda. Ni yenyewe, jina la shule ubavuni. Mkuu ndiye aliyeikodisha. Alikuwa ameketi mbele kabisa, soda mkononi. Nikachomoa waya mpira ukiendelea. Kelele, matusi.
Mkuu akasema, "Mwalimu Tumaini, unanivunjia heshima mbele za watu."
"Umeivunja mwenyewe, mkuu."
Nimeikumbatia projekta hadi nyumbani. Sijutii.

Jumatatu, 11 Agosti
Taa ya projekta imeungua. Wameiwasha kutwa kucha mpaka ikafa. Nyingine haipatikani huku Mbuchi, wala Kibiti. Mkuu kaniambia nianze kufungasha, nitahamishwa. Halafu akacheka. Kicheko kile ndicho kinachonichoma. Ningeweza kuvumilia kufokewa.
Darasani nimesema ukweli: vibonzo basi. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Wamezoea kunyang'anywa, na hilo limeniudhi kuliko kicheko.
Namchukia mtu yule. Naandika hivyo bila aibu.

Alhamisi, 14 Agosti
Habari ya uhamisho bado. Mkuu hanisalimii, nami simsalimii.
Wanafunzi wenzake walipotoka darasani, Mwanahawa alibaki. Akanipa vikaratasi alivyovishona pamoja kwa uzi wa nyavu. Kwenye kila kimoja kachora mtumbwi uleule, umebadilika kidogo. Nikavipitisha haraka kwa kidole gumba. Mtumbwi ukaingia maji, ukainama, ukazama.
Nikamwuliza kwa Kiingereza mtumbwi unafanya nini.
"Sink," akasema, taratibu.
Kisha akaomba nimrudishie. Anataka kumfundisha mdogo wake.