Siku Moja ya Kulipa

Jumanne, 30 Januari 1996. Gitega

Asubuhi zipu na vifungo, kama kawaida. Halafu koti la askari, limechanika begani. Limefuliwa, ila bitana bado ina damu. Aliyelileta alitoka zamu Nyarusange. Nimelishona. Wiki iliyopita nilishona mikoba ya wale waasi wa msituni, nayo bila kuuliza.

Ndivyo mtaa wetu wa Waswahili, siye Waislamu, unavyoishi. Sukari kwa askari, chumvi kwa wa msituni, na barieri zote za barabarani zinatupisha. Shemeji Haruna, kaka wa marehemu mume wangu na mkubwa wa kamati ya msikiti, anaita hiyo busara. Mimi inanikera. Labda ni funga ya Ramadhani.

Ijumaa, 2 Februari

Amri ya kamati baada ya swala: asiye wa mtaa asilale mtaani, awe wa upande wowote. Shemeji kapita nyumba kwa nyumba.

"Siye hatuna upande," kaniambia mlangoni. "Ukiingiza mumoja, kesho wanatuchoma wote."

Nikaitikia. Sikumwambia kwamba Consolata yuko chumba cha ndani. Mteja wangu wa miaka mingi, mkulima wa Nyarusange. Alifika jana na gauni nililomshonea Krismasi, pindo limejaa matope. Mumewe ameuawa. Hasemi nani kamuua. Nafikiria lile koti.

Jumapili, 4 Februari

Nimemshonea baibui na mtandio. Amependeza kuliko mimi, na nimemwambia hivyo, akacheka kidogo. Jina lake sasa Mariamu. Salamu anaitikia vizuri. Jumatano nitampeleka Muyinga kwa dada yangu Zaituni. Mume wa Zaituni hufanya biashara soko la Butihinda, njia za kuvukia Tanzania anazijua.

Shemeji Haruna kasikia cherehani, kaingia bila hodi, kamwona. Hakupaza sauti.

"Hii nguo ndiyo inatupitisha kwa barieri. Ukivalisha kila mutu, nani atatuamini tena?"

Kasema kweli, na ndiyo maana nimekasirika. Watoto wa mtaa mzima wako nyuma ya nguo hii. Lakini Consolata alikuwa amekaa pale pale, anasikia anavyopimwa. Nimemwambia shemeji kwamba naenda. Kasema hatatutaja. Tukikamatwa, kamati haitujui.

Jumatano, 7 Februari. Muyinga

Tumefika. 

Lori la vitunguu, vumbi tangu Karuzi. Barieri ya mwisho wakatushusha. Askari mmoja alikuwa anatafuna muhindi wa kuchoma, anatuangalia. Consolata akakohoa, akafungua chupa, akanywa maji. Mchana. Ramadhani. Ndani ya baibui langu.

Nilimfundisha kila kitu isipokuwa hilo. Nimefunga tangu utotoni, sikufikiri kwamba kuna mtu wa kuambiwa. Ujinga wangu mtupu.

"Muswahili gani anakunywa mchana?" Bunduki ikashuka begani mwake.

Nilimnyang'anya Consolata chupa, nikanywa mpaka maji yakanimwagikia shingoni.

"Siye tuko safarini," nikamwambia. "Musafiri iko na ruhusa. Uliza imamu yeyote. Na huo muhindi, nikatie nusu, njaa inaniuma."

Akanitazama sana. Halafu akaukata. Nikaula mbele yake, punje zote, sikuharakisha. Nilikuwa na hasira kuliko hofu. Akatuashiria tupande, tukarudi juu ya vitunguu.

Ijumaa, 9 Februari

Mume wa Zaituni karudi kutoka Butihinda. Consolata amevuka.

Gauni la Krismasi ameniachia.

Jumatatu, 12 Februari. Gitega

Nimerudi. Salamu naitikiwa nusu. Mke wa Shemeji Haruna, ambaye hajawahi kukosa kuniletea sahani ya futari, leo hakuleta. Nimekula muhogo wangu na mlango wazi, wanione.

Askari wa kambini kaleta suruali mbili. Nimemwambia cherehani imeharibika. Akaisikia inalia hata kabla hajafika barabarani. Kageuka, kaniangalia, kaenda zake. Nimeogopa. Sijuti. Ninachojutia ni lile koti.

Jumamosi, 24 Februari

Idi imepita. Leo nimefunga peke yangu, nalipa ile siku ya muhindi.

Alasiri Shemeji Haruna kaja, safari hii kwa hodi. Kaweka mezani kanzu yake ya Idi. Yeye ndiye mrefu kuliko wote mtaani, na kanzu ile nilimshonea mwenyewe, inamkaa sawa. Kasema niipunguze. Kaonyesha kwa kiganja urefu wa atakayeivaa, usawa wa kifua chake.

Sikumuuliza wa upande gani. Nikachukua mkasi. Yeye akakaa kwenye kiti cha wateja, akangoja, anatazama chini.

"Mwambie asinywe kitu barabarani," nikamwambia.

"Ramadhani imekwisha," kasema.

Kweli. Nilikuwa nimesahau.

Adhana ya magharibi imenikuta kwenye pindo. Nimelimaliza kwanza, nikamkabidhi, ndipo nikanywa maji.