Kepher Hatakuja Bandarini

Kapkatet,
14 Mei 1996

Mpendwa wifi Aoko,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Vipi mgongo wako, bado unakusumbua ukiinama? Na watoto, joto la Mombasa wamelizoea? Sisi tu wazima kwa neema ya Mungu. Mafua tu ndiyo hayaishi, yamekuwa kama mpangaji.

Gauni ulilomtumia Marcella wetu limempendeza mno. Kwa baridi hii analivalia juu ya sweta, na hataki kuambiwa kitu.

Sasa, wifi, kaa chini nikueleze habari ya mdogo wako Kepher na ile kazi uliyomtafutia bandarini.

Unajua jinsi madereva wa malori ya majani chai wanavyoacha kazi hapa kiwandani. Huyu anaingia, yule anatoka. Hata Momanyi, rafiki na dereva mwenzake Kepher, aliacha akaenda kuuza viatu sokoni Bomet. Meneja alikuwa akiwabadilishia njia kila siku, eti wasizoeane na wakulima wakaanza kuiba majani. Kwa hivyo dereva hajui barabara, hajui watu. Lori likichelewa, majani yanapata joto ndani ya magunia, yanaungua, na kiwanda kinayakataa. Na mkulima anamtukana nani? Dereva! Kepher alichoka kabisa, akawa anarudi nyumbani hasemi na mtu. Ulipoleta habari ya bandari, mimi nilifurahi kumshinda yeye.

Basi mwezi uliopita, akijiandaa kuacha, akatumwa kituo kimoja cha kukusanyia majani kule bondeni. Mvua ikanyesha ile ya kwetu, lori likazama kwenye tope na magunia yote mgongoni. Wakulima wakaja na matusi yao. Mbele kabisa Drusilla, mwenyekiti wao. Mama huyo ana mdomo, wifi! Madereva wakimwona hupandisha vioo wakajifungia ndani.

Kepher akashuka. Akatandika turubai chini ya paa la kituo, akayamwaga majani gunia baada ya gunia, akapiga magoti akaanza kuyageuza kwa mikono yapate hewa. Dereva mzima! Drusilla akapiga magoti kando yake, na akina mama wengine wakafuata. Wanaume nao wakaleta matawi ya chai yaliyopogolewa wakayalaza chini ya magurudumu mpaka lori likatoka. Kiwandani halikukataliwa hata gunia moja.

Kesho yake Drusilla na wenzake wakafika kwa meneja. Kepher alipowaona langoni alijua wamekuja kumshtaki, akaanza kuvua koti la kazi. Kumbe! "Huyu Mjaluo mtuachie," Drusilla akasema. "Huyu ni wetu." Meneja alikuwa hajawahi kuona wakulima wakija kumsifu dereva. Akakubali kila dereva ashike njia yake. Momanyi aliposikia hivyo, akaviacha viatu akarudi usukani.

Nakwambia ukweli, nimekaa na mdogo wako miaka yote hii na sikujua nina mwanaume wa namna hii. Namjivunia mpaka naona haya. Siku hizi anarudi akipiga mluzi. Anajua ng'ombe wa nani amezaa. Hata mursik, yale maziwa yao ya mgando yenye mkaa, anakunywa bila kukunja uso. Mimi bado inanishinda!

Sasa nisikilize. Kepher haogopi tope wala matusi ya wakulima, lakini wewe dada yake mkubwa anakuogopa. Kila akianza kukuandikia, anachana karatasi. Ndiyo maana naandika mimi. Najua ulivyohangaika na ulivyombembeleza yule bwana wa bandarini, na mimi mwenyewe nilishatangazia kanisa zima kwamba tunahama. Inaniuma. Lakini sina moyo wa kumtoa mtu mahali anapoitwa wetu. Tafadhali, nafasi hiyo mpe mwingine. Ukikasirika, nikasirikie mimi.

Msalimie sana shemeji Jairus na watoto wote. Mungu akutunze, na akupoze moyo ukimaliza kusoma.

Wifi yako akupendaye,
Quinter