Kioo cha Marehemu Mama

Tarehe 2 Machi

Binti yangu,

Nina miaka themanini na mitatu. Nimezika wake wawili, ndugu zangu wote, na mafundi wa mawe niliojenga nao, wale waliokuwa wakinicheka kwamba nitawatangulia. Hujambo wewe na wajukuu? Mimi mzima kama chuma, goti tu ndilo linanung'unika.

Nyumba inang'aa. Ile chokaa ya zamani niliibandua kwa mkono wangu nikapiga lipu ya saruji, juu mpaka chini. Sasa amekuja mhandisi wa hifadhi ya mji, ndevu bado zinatafuta njia. Anasema mawe yetu yanataka chokaa yapumue, saruji imefungia maji ndani na ukuta unaoza. Nikamwambia, mwanangu, ukuta hauna pua. Kwenye ufa wa chumba cha kati akabandika kipande cha kioo. Kikivunjika, ujue ukuta umesogea, nihame waitengeneze nyumba. Nihame! Ya jirani waliifunga kwa matengenezo, mwenyewe akafia ukweni, kufuli bado linaning'inia.

Baba yako

Tarehe 19 Machi

Baba,

Shikamoo. Sisi wazima, mdogo ana mafua tu. Mhandisi ameniandikia. Nakuomba umruhusu abandue hiyo saruji arudishe chokaa. Ni miezi sita, na ufunguo utabaki nao wewe. Njoo ukae kwangu. Na usilale chumba cha kati. Kioo kikoje?

Bintiyo

Tarehe 4 Aprili

Binti yangu,

Marahaba. Mafua ya mdogo mpe tangawizi. Kioo kilivunjika. Kilikuwa chembamba kama ganda la kitunguu, kikohozi changu kingetosha. Nikabandika kingine, nacho kikaenda. Sasa nimepachika kile cha kujitazamia cha marehemu mama yako, kinene, nimekishika kwa saruji pande zote mbili. Wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta, mimi nimeziba. Mhandisi alipobisha nilimjibu dirishani kwamba kioo kizima, na sikusema uongo.

Fundi cherehani, mpangaji wetu wa chini, analalamika anasikia mchanga unamiminika ndani ya ukuta, kama mtu anapepeta mchele. Nimemwambia ni panya. Mlango wa chumba haufungiki tena, ni mvua hizi. Kitanda sijakisogeza. Mama yako alipoolewa alinikuta nalala hapo.

Baba yako

Tarehe 11 Aprili

Baba,

Shikamoo. Hao si panya. Nimekata tiketi, nafika Jumapili. Toka leo, ulale hata nyumba ya wageni. Ufunguo nitaulinda mimi, sitampa mtu. Usinijibu, baba. Toka tu.

Bintiyo

Tarehe 15 Aprili

Binti yangu,

Marahaba. Usije mbiombio ukajikwaa njiani, mambo yametulia. Tangu jana mchanga haumiminiki tena, ukuta kimya kabisa. Kioo cha mama yako hakina hata mkwaruzo. Kimeng'oka upande mmoja tu, mkono wangu unapita nyuma yake. Saruji ya siku hizi dhaifu. Kesho nikiamka nitakipachika upya.

Ukidhani najisifu, shahidi ni fundi cherehani. Alipanda mwenyewe akakishika, akakiona kizima, akashuka. Muulize yeye. Ila hapa hutamkuta, jioni hii amehamisha cherehani yake, na barua hii anaipeleka posta yeye. Anwani yake mpya ameiandika nyuma ya bahasha.

Baba yako