Niliandika Kwamba Hapakuwa na Makaburi

Mpendwa mshauri,

Nakuandikia kwa sababu hata mke wangu nimeshindwa kumwambia. Mimi ni mwalimu mstaafu hapa Mabatini, Mwanza, na kwa miaka minne nimezunguka kwa wazee na daftari nikiandika nani alijenga wa kwanza, maji yalichotwa wapi, maana wazee wanaisha na vijana hawajui kitu, na Bibi Kija, mwenye miaka themanini na zaidi, alinishika mkono akanipeleka nyuma ya jiwe kubwa akanionyesha makaburi tisa ya waliokufa kwa ndui, moja la mwanae wa kwanza, Maige, nami nikaandika yote. Mwaka huu akaja mfanyabiashara anayekitaka kiwanja chenye makaburi hayo ajenge ghala, ofisi ya ardhi ikadai barua ya mtu anayeijua historia ya mtaa, naye mfanyabiashara akaahidi kumwajiri mwanangu Yakobo, aliyepunguzwa kazini, kwenye kiwanda chake cha minofu ya samaki, basi nikaandika kwamba pale palikuwa pori tupu, nikatia sahihi, na Yakobo akaanza kazi.

Juzi wamechimba msingi. Bibi Kija alikuja kwangu analia: "Mwalimu, si uliandika wewe? Lete daftari uwasomee!" Nikamjibu limeliwa na mchwa. Akasema, "Pole, mwanangu." Akanipa pole mimi! Daftari liko chini ya godoro. Nikilitoa, Yakobo atafukuzwa, nami nitaitwa mwongo mtaa mzima. Nifanyeje?

Nkwabi, Mabatini

Mwalimu Nkwabi,

Najua inavyouma kumtazama mtoto mkubwa amekaa kibarazani hana kazi. Nyumba nyingi zina kilio hicho siku hizi. Lakini wazee wale hawakukuita. Uliwagongea milango mwenyewe, wakakupa wafu wao, ukawauza. Unaogopa kuitwa mwongo? Utaitwa, na watakuwa wamesema kweli.

Usitume mtu. Leo hii nenda kwa Bibi Kija, umwamkie, umwambie mchwa hawajala kitu, na useme kwa nini ulidanganya. Akikufukuza, usibishane. Kisha nenda na wazee mpaka ofisi iliyopokea barua yako, uifute kwa maandishi mbele yao. Yakobo mwambie mwenyewe kabla hajasikia kiwandani. Daftari linakiliwe mara tatu, likae katika nyumba tatu, na yako isiwemo.

Huenda umechelewa. Kama mafundi wamefukua mifupa, mama yule atazika mara ya pili. Siku hiyo usisimame na wasemaji. Chukua jembe, uwe wa kwanza kuchimba.