Kona ya Saba

Lushoto, Jumatano

Dada Secilia,

Shikamoo dada. Mama amepona kifua? Na mwanao Glory, bado anasusa chakula? Huku Lushoto mvua haijakatika tangu Jumapili. Mimi mwili hauna neno: nakula, nalala, naamka, naenda kazini. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu ungeniuliza swali katikati, nami ningenyamaza, halafu basi.

Tangu tumzike shemeji Martin sijalia, na najua watu wa Mtae wameliona hilo. Mchungaji alinisifu kwamba nimejikaza kiume. Sijajikaza, dada. Ni ganzi tu, kama mdomo baada ya kung'olewa jino. Naugusa, najua ni wangu, sisikii kitu.

Ujumbe wako kuhusu kikao cha Jumatatu pale kiwanda cha chai nimeupata. Unataka nije na kompyuta niwaonyeshe wakubwa picha ya bomba lililompasukia mumeo, waone lilikuwa zima, ili Rajabu akose pa kujificha. Umesema yeye ndiye alikuwa kwenye boila na yeye ndiye aliyeacha mvuke uzidi. Umesema mkewe Saumu alipoleta maharage ya msiba uliyarudisha yote. Rajabu toka siku ya kwanza anaapa kwamba mshale wa kipimo cha mvuke haukuvuka alama nyekundu, lakini nani amsikilize, wakati ripoti yangu inasema bomba ni zima? Amesimamishwa kazi, na sasa wanataja polisi.

Nikueleze kwanza picha zile zinavyopigwa. Hujawahi kuniuliza, nami nilikuwa najidai nazo kwa kila mtu isipokuwa wewe. Hatulifungui bomba, wala hatulivui blanketi lake la kuzuia joto. Upande mmoja naweka chombo cha mionzi, upande wa pili kibao cha kupokea picha, na picha inatokea kwenye kompyuta papo hapo. Chuma kinene kinaonekana cheupe, palipoliwa na kutu panakuwa peusi. Mashine yenyewe haijui iko wapi. Mimi ndiye ninayebandika juu ya bomba namba ndogo ya madini ya risasi, na namba hiyo inatokea ndani ya picha. Wakubwa wanasoma namba, wanaamini.

Siku ile ya Machi nilipokuja kukagua bomba, kila nilipotaka kupiga picha ilibidi watu wote watoke nje ya jengo kwa sababu ya mionzi. Walishinda mvuani wameinamisha vichwa. Ndani majani ya chai yalikuwa yanachacha, na msimamizi alinizunguka akiuliza bado ngapi, bado ngapi. Nilikuwa nimemaliza kona sita za bomba la mvuke. Ya saba, hiyo iliyokuja kupasuka, ilikuwa juu kabisa, juu ya kikaushio alichosimamia shemeji, na kuhamisha jukwaa la kupandia kungekula saa nzima.

Dada, jukwaa sikulihamisha. Nilisema bora liende. Nilibandua namba sita, nikabandika saba palepale, kwenye kona ileile, nikapiga tena. Hiyo picha ya kona ya saba unayoitaka ni kona ya sita. Ya saba haijapigwa picha hata siku moja. Ukiziweka mbili hizo pamoja, doa la kulehemu ni lilelile; mtu yeyote ataliona akiambiwa aangalie.

Watu waliporudi ndani, shemeji alinijia anajifuta mvua usoni. Akaniuliza, "Shemeji, na hiyo ya juu yangu?"

Nikamwambia, "Hiyo ni nzima kuliko zote."

Akacheka, akaenda kuwasha kikaushio chake. Alifanya kazi chini ya kona ile miezi mitano.

Rajabu hana kosa. Jumatatu nitakuja na kompyuta kama ulivyoomba, nitawaonyesha picha zote mbili, na nitasema nilichofanya. Najua utakachoniambia. Utasema watoto watatu hawana baba, sasa na mjomba wao naye afungwe? Utasema ninyamaze, marehemu hatarudi. Mimi ningekusikiliza, dada, maana kukusikiliza ndiyo nimezoea tangu utoto. Kwa hiyo barua ya kwenda kwa Rajabu, yenye maneno haya haya, niliituma juzi. Yako naituma leo. Nilipomkabidhi kondakta wa basi ile ya kwanza, nililipa nauli yake, nikaenda kazini.

Msalimie mama. Kama hataki salamu zangu, usimlazimishe. Watoto waambie utakavyoona wewe inafaa, sitakupangia. Na maharage ya Saumu, akiyaleta tena, nakuomba uyapokee.

Ni mimi mdogo wako,
Valentino